Waini ya choya: lita 15 kwa ndoo moja na mpira wa dripu

Dodoma ukitaja waini kila mtu anafikiria zabibu, na ni sawa, maana mashamba yako Hombolo, Mpunguzi na Bihawana. Lakini zabibu za kukamua zinahitajika kilo nyingi na zina msimu wake. Choya, au rozela kama wengine wanavyoiita, inaota pembeni mwa shamba la mtama bila kubembelezwa. Mvua zikikatika inavunwa, inaanikwa, na ikikauka vizuri unaitumia mwaka mzima. Kama huna shamba, pale soko la Majengo inapimwa kwa kopo. Kinachokula hela kwenye waini hii ni sukari tu.

Wengi wananiletea waini zao nionje, na zinazoharibika karibu zote zimeharibikia sehemu moja: hewa. Hamira inahitaji hewa siku za mwanzo ili izaliane. Baada ya hapo hewa ni adui, inageuza waini kuwa siki. Ukilishika hilo, mengine yote ni kazi ya jikoni ya kawaida.

Kwa lita 15 tafuta maua makavu ya choya nusu kilo, sukari kilo 3, maji safi lita 14, hamira ya kawaida ya maandazi vijiko viwili vya chai, na zabibu kavu konzi mbili. Zabibu kavu usiziruke. Choya ina ukali na rangi lakini haina chakula cha kutosha cha hamira, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai bovu. Zikatekate kwanza, zikiwa nzima hazitoi kitu upesi. Kama choya yako ni mbichi, toa ile mbegu ya katikati na upime karibu kilo 4.

Vyombo: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, iliyowahi kuwekewa chakula tu. Ndoo ya rangi au ya dawa za shamba usiitumie hata ukiisugua wiki nzima. Madumu matatu ya lita 5 yaliyokuwa na maji ya kunywa, au galoni za kioo ukizipata, hizo ni bora zaidi. Mipira ya dripu mitatu, mipya, kutoka duka la dawa. Kitambaa cheupe cha kuchujia. Naona watu wanachuja kwa kipande cha chandarua. Tafadhali usifanye hivyo, vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na inaweza kuingia kwenye waini. Osha kila kitu kwa sabuni, suuza, kisha pitisha maji yenye jiki kidogo na usuuze tena mpaka harufu iishe kabisa. Jiki ikibaki, hamira inakufa.

Sasa sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na choya ina asidi inayoila alumini, ladha inakuwa ya chuma. Usichemshie choya humo. Chemsha maji matupu kwenye sufuria, na choya iwe inasubiri kwenye ndoo. Kabla ya hapo ipitishe kwenye maji baridi mara moja, haraka, mchanga uzame na wadudu waelee. Ukiiloweka hata dakika tano rangi inaanza kukimbia na unaimwaga na maji.

Maji yakichemka, yaache yatulie dakika kadhaa ndipo umimine lita 10 juu ya maua, maana maji yanayotokota yanalegeza ndoo. Tia sukari yote hapo hapo, koroga mpaka usisikie chembe chini ya mwiko. Ongeza zabibu kavu. Zile lita 4 zilizobaki, ambazo nazo zimechemshwa na kupozwa, mimina mwishoni zisaidie kupoza. Watu wa juisi wanachemsha maua nusu saa. Kwa waini hiyo inatoa uchungu na ladha ya majani yaliyopikwa. Maji ya moto yanatosha, maua yenyewe yatakaa humo siku tano.

Subiri ipoe. Hapa ndipo haraka inaponiudhi zaidi. Dondosha kidogo ndani ya kiwiko kama unavyopima maziwa ya mtoto: usisikie moto wala baridi. Ukitia hamira kwenye maji ya moto umeiua, na utakaa siku tatu unasubiri povu ambalo haliji. Hamira yenyewe iamshe pembeni: kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha sukari, hamira, funika robo saa. Ikipanda povu kama maziwa yanayochemka, ni nzima. Isipopanda nunua nyingine, usibahatishe na sukari kilo 3.

Mimina kwenye ndoo, koroga kwa nguvu, hewa iingie. Funika kwa kitambaa na ufunge kamba shingoni, ili vile vinzi vidogo vya matunda visiingie, ndivyo vinavyobeba vijidudu vya siki. Mfuniko uweke juu tu, usiubane. Asubuhi na jioni koroga kwa mwiko uliomwagiwa maji ya moto, ukiyazamisha maua yaliyopanda juu. Yakikaa juu yamekauka yanaota ukungu.

Siku ya pili fungua na uangalie vizuri. Maua yamesukumwa juu yakawa tabaka nene, na kati yake povu la waridi linapasuka taratibu. Ukiweka sikio unasikia mchakacho mdogo usiokatika. Harufu ni ya mkate mbichi na zabibu kavu pamoja. Siku ya nne au ya tano maua yamepauka, rangi yote imeingia kwenye maji, na povu limepungua. Hapo ndipo muda wa hewa umekwisha.

Chuja. Kamua maua kwa mkono, lakini kwa upole, ukiyanyonga sana yanatoa ute na waini inachelewa kung'aa. Jaza madumu mpaka karibu na shingo, ukiacha upana wa vidole vitatu kwa ajili ya povu. Dumu lililojaa nusu lina hewa nusu, kwa hiyo ni bora madumu mawili yaliyojaa na kinachobaki ukiweke kwenye chupa ndogo kuliko matatu yenye nafasi.

Kizibo unatengeneza hivi. Pasha msumari moto, toboa tundu dogo kuliko mpira, sukuma mpira upite kwa kubana, uishie juu ya waini bila kuigusa. Kuzunguka tundu dondoshea nta ya mshumaa. Ncha ya pili ya mpira izamishe kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka kwa mapovu, hewa hairudi. Usithubutu kuziba dumu kabisa wiki hizi, litavimba na kupasuka. Maji ya kwenye chupa yakipungua, ongeza.

Weka gizani, mahali pasipo na jua, maana mwanga unafifisha wekundu wa choya ukawa kahawia. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi na sakafu ya saruji inanyonya joto. Weka dumu juu ya ubao, ulizungushie blanketi kuukuu. Mapovu yakikoma kwa baridi si kwamba imeiva, imelala tu. Oktoba joto likipanda, tafuta kona ya ndani yenye ubaridi.

Baada ya mwezi hivi utaona mashapo mazito chini. Inua dumu juu ya meza bila kulitikisa, na uvute waini kwa mpira kwenda dumu safi chini, ncha ya mpira ikae juu ya mashapo, na ncha ya pili ifike chini kabisa ya dumu jipya ili waini isimwagike kwa kelele na kuchukua hewa. Jazia shingo kwa ile ya chupa ndogo. Rudia mwezi unaofuata. Waini ya wiki mbili inalewesha, ndiyo, lakini ina ladha ya hamira na inasumbua tumbo. Miezi mitatu inakuwa kitu kingine: nyekundu ya kuonekana ng'ambo ya glasi, kavu, yenye ukali safi wa choya. Kwa vipimo hivi kilevi chake kinakaribia asilimia 11, sawa na waini ya dukani, kwa hiyo mpimie mgeni glasi, si kikombe cha uji.

Kabla ya kufunga kwenye chupa za kioo, fanya jaribio hili. Jaza chupa ndogo ya plastiki ya soda, funga, iache mahali pa joto siku mbili. Ukiibonyeza na imekuwa ngumu, hamira bado inakula sukari na chupa za kioo zitakupasukia. Subiri tena. Anayependa tamu atie sukari kwenye glasi yake. Ukitia sukari kwenye chupa na kuiziba umeianzisha upya.

Ukiona utando mweupe wenye manyoya juu, mwaga yote. Ikinuka siki bila ukungu, iache iwe siki kabisa na uitumie kwenye kachumbari. Na usishawishike kuitonesha kwa moto eti iwe kali. Hiyo ni gongo, sheria inaikataza, na imepofusha na kuua watu. Ukitaka kuuza hata chupa moja, kuna leseni na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwanza. Ninayoeleza hapa ni ya mezani kwako. Mjamzito asiinywe, na anayetumia dawa za presha amwulize daktari, kwa sababu choya yenyewe inashusha presha.

Choya ikikosekana, ukwaju unafuata njia hii hii: nusu kilo iliyotolewa maganda na mbegu kwa lita 14, ila rojo lake ni zito, kwa hiyo chuja siku ya tatu badala ya ya tano na uhamishe mara tatu badala ya mbili. Ubuyu, pamoja na mibuyu yote tuliyonayo huku, mimi nauachia juisi. Una ute mwingi, na waini yake inabaki bila kung'aa, kama maziwa, hata ukiisubiri miezi sita.