Namna ya kukisoma kitabu cha Ruthu ukatoka na kitu

Wengi wetu Agano la Kale tunalidonoa, unachukua mstari mmoja mtamu unaweka stetasi, basi. Me nilienda hivyo miaka mingi na Ruthu nilikuwa naiona ni stori ya mapenzi tu, mpaka siku umeme umekatika nikaisoma yote kwa mkupuo.

Ndo pa kuanzia hapo. Isome yote mara moja, ni sura 4 tu, mistari 85, kwa sauti hata nusu saa haifiki. Kalamu iache kwanza, utaishika kesho ukirudia.

Ukirudia, kila maneno matamu jiulize nani anamwambia nani. Ule mstari wa "wewe uendako nitakwenda" unaosomwa sana maharusini, Ruthu hamwambii mume wala mchumba, anamwambia mama mkwe wake, Naomi, wako njiani, wote wajane, na huyo Naomi wala hajibu asante, anaacha tu kubishana naye. Wakifika Bethlehemu (jina lenyewe kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, na stori imeanza na njaa hapohapo!) Naomi anawaambia wanawake wasimwite Naomi, yaani mwenye kupendeza, wamwite Mara, chungu, kwa sababu Mungu amemrudisha mikono mitupu. Analalamika waziwazi na hakuna anayemkatiza eti dada mshukuru Mungu. Hapo me nilikaa sana, kwetu msibani hatuwezi kunyamaza hivyo.

Afu tafuta maneno yanayorudi. Sura ya 2 Boazi, mwenye shamba ambako Ruthu anaokota masuke, anambariki Ruthu kwamba amekuja kujificha chini ya mabawa ya Mungu, sura ya 3 Ruthu anamfuata usiku kwenye uwanja wa kupuria, anamwambia Boazi amfunike na vazi lake. Kwa Kiswahili huoni kitu, lakini Kiebrania neno ni lilelile, kanaf, ni bawa na ni upindo wa nguo. Yaani ni kama anamwambia ile dua uliyoniombea, itimize wewe mwenyewe. Kiebrania si lazima ukijue, Biblia yenye maelezo chini ya ukurasa au konkodansi (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalipo) inatosha.

Pia usisome bila sheria iliyo nyuma yake. Fungua Mambo ya Walawi 19:9-10, ukivuna usimalize mpaka pembeni, na masazo usiyarudie, ni ya maskini na mgeni. Sasa rudi shambani uone Boazi anavyopitiliza, anawaambia vijana wachomoe masuke kwenye miganda waangushe makusudi ili Ruthu aokote, na wasimkaripie. Jioni anapura anapata efa ya shayiri, kama lita 22, debe na ushee, na bado alibakiza chakula cha mchana akampelekea mama mkwe. Kwenye daftari andika vitu kama hivyo, nani kafanya nini kwa mkono wake, usiandike "nimejifunza upendo" maana kesho hutakumbuka ulimaanisha nini.

Na Mungu je? Haongei hata mara moja humo. Msimulizi mwenyewe anamtaja akitenda mara mbili tu, anawapa watu wake chakula (1:6) na anampa Ruthu mimba (4:13), kwingine kote wanaohangaika ni watu. Piga mstari hapo.

La mwisho, ukikuta kitu kinagongana usikimbilie kukipatanisha. Kumbukumbu la Torati 23:3 inasema Mmoabi, yaani mtu wa Moabu, nchi jirani na Israeli, asiingie katika kusanyiko la Bwana hata kizazi cha 10, na huyu Ruthu Mmoabi anaishia kuwa mama wa babu yake Daudi, mfalme kabisa. Liandike pembeni na alama ya kuuliza, langu lipo pembeni ya ukurasa tangu mwaka juzi na nikilipita huwa nasimama tena.