Kutoka Lubumbashi kwenda Butiama kwa Mwalimu: mambo ya kupanga kabla

Sisi wa Lubumbashi tumezoea kumpeleka mgeni mahali kiongozi alipofia. Tunampeleka Shilatembo, ambako Lumumba aliuawa pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961. Lakini mahali kiongozi alipochungia mbuzi utotoni, karibu yetu hapapo. Wenzangu wengi wakisikia nilifika Butiama, mkoa wa Mara huko Tanzania, nyumbani kwa Julius Nyerere, wananiuliza nauli kwanza. Nauli hubadilika; niwaambie mengine.

Anza na karatasi. Pasipoti iwe hai, maana kadi ya mpigakura haikufikishi mbali. Ukipita Kasumbalesa utakuwa umeingia Zambia, na Tanzania utaikuta baadaye kule Nakonde na Tunduma, kwa hiyo ulizia masharti ya nchi mbili, si moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Kama hujachanjwa, chanjwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, kisha itunze vizuri: chanjo moja siku hizi inatosha maisha yote.

Pesa. Falanga zetu ziache nyumbani. Dola beba, mpya na zisizochanika (hapo Mlushi, mtu wa Lubumbashi, hahitaji kufundishwa), lakini usidhani utalipia chumba au sahani ya chakula kwa dola kama unavyofanya hapa. Tangu 2025 sheria ya Tanzania inakataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni. Badilisha benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, si kwa vijana wa mpakani. Pale makumbusho ya Butiama ukitajiwa kiingilio, uliza kwa upole kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki. Kongo imo katika Jumuiya tangu 2022, ila si kila mtu dirishani anakumbuka.

Saa ndiyo iliyonitesa. Kwanza wao wako mbele yetu kwa saa moja. Pili, sisi tunasema Kiswahili lakini saa tunahesabu kwa Kifaransa, na wao wanahesabu tangu jua linapochomoza. Niliambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili. Nikalala vizuri, nikaoga, nikafika kituoni saa tano na nusu kwa mahesabu yao, begi mkononi, nikijiona nimewahi. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Tiketi ilikufa, nikanunua nyingine. Ukitajiwa saa, uliza: ya asubuhi au ya usiku, na jua litakuwa wapi?

Kwa barabara, weka wiki mbili za kwenda na kurudi, vinginevyo utafika umechoka na kuondoka hujaona kitu. Ukifika Mwanza umebakiwa na kipande kifupi: basi la Musoma kupitia Bunda, unashuka Makutano, kisha unatafuta gari jingine au pikipiki mpaka Butiama. Lala Musoma kama unataka nafasi ya kuchagua chumba. Hapo Musoma ndipo ilipo shule ya Mwisenge, aliyoanza Mwalimu mwaka 1934 akiwa na miaka 12.

Chagua na majira. Machi hadi Mei mvua ni nyingi. Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, ni sikukuu ya taifa. Ukipenda umati na ibada nenda siku hiyo, ukitaka kuzungumza na mwongozaji bila kusukumana nenda Juni au Julai. Na mvua ikikunyeshea usinung'unike sana. Jina lake la utotoni, Kambarage, watu wa kabila lake, Wazanaki, walilitoa kwa mzimu wa mvua; alizaliwa 13 Aprili 1922. Jina la Nyerere lilikuwa la baba yake, na maana yake ni kiwavi, wale wanaovamia mashamba. Mimi mtu wa Katanga nilicheka peke yangu: kwetu vinkubala, yaani viwavi, ni kitoweo, tunavinunua kwa kipimo sokoni!

Sasa, usitarajie kibanda cha nyasi cha mwaka 1922 kikiwa kimesimama na mlango wake. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na mji wa namna hiyo ulijengwa kwa vitu vinavyorudi udongoni. Kinachokushika pale Mwitongo, makazi ya familia hapo Butiama, ni mahali penyewe: majabali makubwa, miti, makaburi ya Burito na ya mama, Mugaya, halafu kaburi la Mwalimu mwenyewe, kijana aliyetoka akaenda Makerere na Edinburgh, akaongoza nchi, akarudi kulala karibu na wazazi. Ipo nyumba aliyojengewa na jeshi, ambayo hakuishi humo muda mrefu. Makumbusho yana vitu vyake na zawadi alizopewa.

Kwa sababu hiyo jiandae kama unayekwenda kwa watu, si kama unayekwenda mbuga ya wanyama. Pale ni nyumbani kwa familia. Wakatoliki wengi huenda kuombea kaburini, kwani Kanisa lilianza kuchunguza maisha yake mwaka 2005 kwa nia ya kumtangaza mwenye heri. Mama avae kikwembe (kitenge), sisi wanaume kaptula tuiache hotelini. Picha ombeni kwanza. Mzee ukimkuta, "jambo" yetu haitoshi: sema "shikamoo", usubiri "marahaba". Na punguzeni Kifaransa cha "donc" na "déjà" katikati ya sentensi, maana watawatazama tu.

Jambo la mwisho sikuliwaza kabla. Mzee mmoja alipojua natoka Kongo aliniuliza kwao Lumumba ni wapi. Nikajibu Onalua, kule Sankuru.

"Pakoje?" akauliza.

Sijawahi kufika.