Umeshika uvimbe kwenye titi na uko Kigoma: kipimo kipi ukiulizie, kipi uachane nacho

Shangazi yangu wa Ujiji alikuwa anaoga akagusa uvimbe ziwani (na sisemi lile ziwa la Kibirizi), mgumu kama mbegu ya mchikichi, hauumi wala nini. Sasa kwa vile hauumi akanyamaza miezi minne. Mi ndo nilizunguka naye vipimo vyote, kwa hiyo naandika kwa yule aliyeshika kitu leo asubuhi na hajui aanzie wapi, maana mtandaoni kuna mashine za kila aina afu hakuna anayekwambia ipi inajibu swali gani.

Hilo ndo la kushika kwanza. Picha inakwambia kuna kitu, kiko wapi na kimekaaje. Kama ni kansa au siyo, hilo linajibiwa na kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe kikapimwe, yaani biopsi. Na ni kansa ya aina gani, inasikia dawa ipi, hilo nalo kinyama hichohicho kikipimwa zaidi. Mtu akikwambia kwa kuangalia picha tu "mama hii ni kansa, nenda nyumbani" au "hamna kitu, nenda nyumbani" wakati uvimbe unaushika mwenyewe kwa vidole, usikubali.

Anzia kituo cha afya ulichozoea, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa, Maweni, au Kitete kama uko Tabora. Mweleze daktari lini umeuona, umekua au haujakua, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, kwapani kuna tezi. Wanaume pia, msijifiche, kati ya wagonjwa 100 wa kansa ya titi mmoja hivi anaweza kuwa mwanaume.

Kama umri uko chini ya miaka 30 hivi usianze kwa kuhangaika na mamogramu, yaani eksirei ya titi, ulizia altrasaundi. Titi la msichana limejaa tishu, kwenye mamogramu linatoka jeupe na uvimbe nao mweupe, ni sawa na kutafuta dagaa mmoja kwenye turubai la dagaa. Altrasaundi inaonyesha kama ni kifuko cha maji au ni nyama ngumu. Siku hizi kuna vifaa vya altrasaundi vya mkononi, unachomeka kwenye simu au tableti picha inatoka palepale, vinaingia hadi mfukoni, kwa mikoa kama yetu ni jambo kubwa, ila kifaa bila mkono uliofundishwa ni taa tu ya kumulika. Muulize anayepima swali moja, "umeona maji au nyama?"

Kwenye mamogramu titi linabanwa kati ya vibao viwili, linauma kidogo, ni sekunde tu. Siku hiyo usipake deodoranti, poda wala mafuta kifuani na kwapani, chembe zake zinaweza kutokea kwenye picha kama vidoti vya chokaa na vidoti hivyo ndo vinavyotafutwa. Shangazi alijipaka poda toka asubuhi kwa heshima ya daktari, ikabidi akaoge upya! Kuna mamogramu ya 3D nayo, Marekani waliiruhusu 2011, mashine inazunguka kama upinde inapiga picha nyingi afu kompyuta inazipanga vipande vipande kama mkate wa slesi, uvimbe uliojificha nyuma ya tishu unaonekana. Ukiipata sawa, ukiikosa mamogramu ya kawaida usiidharau.

Akili mnemba kila mtu anaiongelea. Kazi yake hapa ni kusoma picha na kuonyesha mahali pa kutilia shaka. Sweden waliijaribu kwa wanawake zaidi ya 80,000, matokeo ya kwanza ya 2023 yakaonyesha mzigo wa madaktari kusoma picha ulipungua kwa asilimia 44 na kansa zilizogunduliwa hazikupungua, zilizidi kidogo. Lakini inasoma picha iliyopigwa, kinyama haikati. Na kile cha kwenye simu unachokiuliza maswali usiku siyo hicho, usikipe picha ya titi lako ukangoja hukumu.

Ripoti ya picha ikija tafuta neno BI-RADS, ndo kipimo cha madaktari cha kusema picha inatia shaka kiasi gani, na namba yake. 1 na 2 shwari. 3 karibu hakika siyo kansa, ila rudi baada ya miezi 6, usisahau. 4 na 5 ni kinyama, siyo dawa ya kupaka, siyo "tusubiri tuone". 0 maana yake picha haijatosha, inatakiwa nyingine.

Hapa kwenye kinyama ndo watu wengi wanakimbia, wameambiwa sindano au kisu kinaamsha kansa. Hakiamshi. Inatumika sindano yenye tundu, ganzi inapigwa, vinatoka vijinyama kama nyuzi. Omba hiyo badala ya kukatwa uvimbe wote kabla hujajua ni nini. Na hapa ndo tulipoumia, kituo kimoja nisichokitaja waliandika jina kwenye kichupa kwa kalamu ya wino, formalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ikamwagika kidogo jina likafutika, wiki ya nne tunaambiwa sampuli haina mwenyewe. Tukaanza upya. Kwa hiyo we au ndugu uliyeenda naye ombeni mkione kichupa, kimeandikwa kisifutike, kina formalini siyo maji, na saa kilipowekwa imeandikwa. Kinyama kinatakiwa kukaa kwenye formalini kati ya saa 6 na 72, kikizidi au kikichelewa kuwekwa, vipimo vya vipokezi vya homoni (kama kansa inalishwa na homoni) na HER2 (protini inayoisukuma kansa ikue) vinaweza kudanganya, na hivyo ndo vinachagua dawa.

Kwa vipokezi kuna kitu kimenifurahisha, mashine ya GeneXpert, hiyohiyo ya makohozi ya TB, ina katriji ya kansa ya titi inayosoma ER na PR (ndo vipokezi vya homoni), HER2 na Ki67 (kasi ya kansa kukua), majibu kwa saa chache. Haipo kila mahali, kuulizia ni bure.

Achana na kamera ya joto inayopita kwenye makambi eti inatosha badala ya mamogramu, mamlaka ya dawa Marekani imeshaonya. Na vipimo vya damu vya kusaka vipande vya DNA ya uvimbe vinakuja, kwa sasa havichukui nafasi ya kinyama.

Hesabu siku. Shirika la Afya Duniani linataka majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 toka ulipofika kituoni, zikipita 30 hujapigwa hata picha anza kusumbua.

Ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando Mwanza au Ocean Road Dar, beba CD ya picha, ripoti zote, na uombe namba ya kile kibonge cha nta kilichobeba kinyama, wanaweza kukipima tena bila kukuchoma upya. Piga picha kila karatasi kwa simu kabla hujapanda basi. Sisi tulimbebea mwenyeji wa Mwanza dumu la mawese, likavuja toka Kasulu, bahasha ikafika ya rangi ya chungwa.