SOMO: Kufunga kalipa za Brembo za STI mbele ya Subaru Impreza WRX (muundo wa GDA)

Wakuu, swali la "nimepata Brembo za STI, zinaingia kwenye WRX yangu?" linarudi kila wiki. Zinaingia. Kwa mgeni: kalipa ndiyo kifaa kinachobana pedi kwenye diski, Brembo ni kampuni inayozitengeneza, na STI ni toleo la Impreza lenye nguvu zaidi. Naandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha humu.

Kwanza tuelewane zinasaidia nini. Ukiwa mjini na mwendo mdogo, kinachosimamisha gari ni tairi. Brembo faida yake ni kwenye joto. Ukishuka mteremko wa Manyara kuingia Mto wa Mbu, au kutoka Marangu kwenda Himo, diski ya milimita 326 yenye unene wa 30 hubeba joto jingi kuliko ile ya 294, kwa hiyo breki hazikuishii katikati ya mteremko. Kama tairi zimekwisha, nunua tairi kwanza.

Andaa kalipa mbili, pedi mpya, hozi mbili za breki, washa mpya nne za kopa, mafuta ya breki DOT 4 lita moja, dawa ya kusafishia breki, mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa kutolea upepo, stendi mbili na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm). Diski ziwe za matundu 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia modeli ya 2005 zilihamia 5x114.3, na diski zake zina kipenyo kilekile cha 326, ndiyo maana watu wanauziwa zisizoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Pima matundu kabla ya kutoa hela.

Rimu za inchi 16 hazipiti juu ya Brembo. Za 17 nyingi zinapita ila si zote, maana umbo la mikono ya rimu nalo linaweza kugusa kalipa. Jaribu rimu kwa mkono kabla hujafungua hozi.

Hatua ya 1. Egesha kwenye sakafu ngumu, zuia tairi za nyuma, legeza nati, inua, weka stendi. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki tu.

Hatua ya 2. Fungua bolti mbili za kalipa ya zamani, uining'inize kwa waya. Isibebwe na hozi.

Hatua ya 3. Diski ikigoma kutoka usiipige nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti za M8, kaza moja kidogo, kisha nyingine, itasukumwa nje yenyewe.

Hatua ya 4. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Mafundi wengi huiruka hii. Karatasi ya daftari ina unene wa takriban milimita 0.1, na kutu ya unene huo upande mmoja tu inatosha kuifanya diski izunguke ikiyumba. Baada ya wiki kadhaa usukani unatetemeka ukikanyaga breki, na lawama inaangukia diski.

Hatua ya 5. Bati la kukinga vumbi likunje au ulikate ukingo, maana diski kubwa italigusa. Diski mpya ioshe kwa dawa ya breki, ile mafuta ya kuzuia kutu iishe kabisa.

Hatua ya 6, kalipa. Hapa niliwahi kukosea, kwa hiyo tulia usome. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana, na bolti zinaingia vizuri hata ukizibadilisha upande. Angalia nipeli za kutolea upepo: LAZIMA ziwe juu. Zikiwa chini, hewa inapanda na kukaa sehemu ya juu ya kalipa ambako haina pa kutokea. Utamwaga lita mbili za mafuta na pedeli itabaki laini kama sponji. Tena pistoni za kalipa hizi hazilingani. Ndogo inapaswa kukaa pale diski inapoanza kuingia kwenye pedi, kubwa kule inakotokea, na ukigeuza pande pedi zitaliwa mshazari. Usifuate rangi wala maandishi, mtu anaweza kuwa amezipaka upya. Fuata nipeli. Bolti kaza kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Hatua ya 7. Ingiza pedi, pini mbili na springi yake. Mkono wenye grisi usiguse uso wa pedi.

Hatua ya 8. Hozi. Kila bolti ya banjo (ile yenye tundu la kupitisha mafuta, inayofunga hozi kwenye kalipa) ina washa mbili, moja kila upande wa kichwa cha hozi, na zote ziwe mpya. Washa ya zamani imeshabonyea, itavuja taratibu. Kaza Nm 18 tu, nyuzi za kalipa ziko kwenye aluminiamu na zikinyofoka kalipa imekufa.

Hatua ya 9, kutoa upepo. Subaru hii mabomba yake yamegawanywa kimsalaba, gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa pili, kwa hiyo sahau kanuni ya "anza na gurudumu la mbali". Fuata mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Kalipa ya Brembo ina nipeli mbili, ya ndani na ya nje. Toa upepo kwenye zote mbili. Kopo la mafuta lisishuke chini ya nusu hata mara moja, likikauka unaanza upya. Anayekanyaga akanyage polepole, na weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike mwisho. Kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ya zamani, mpira wa pistoni ukivuka hadi sehemu ambayo haijaguswa miaka yote, unakwaruzwa na uchafu wa huko na silinda inaanza kuvuja kwa ndani.

Hatua ya 10. Kabla ya kushusha gari, zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Hozi isivutike wala kugusa tairi. Nati za tairi takriban Nm 100.

Hatua ya 11. Zoesha pedi. Tafuta barabara tupu asubuhi na mapema, ile ya mchepuo hapa Arusha inafaa. Shusha mwendo kutoka 80 hadi 20 mara kama kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila breki zipoe. Ukisimama na mguu kwenye pedeli diski zikiwa moto, pedi inaacha alama yake pale pale na mtetemo unaanzia hapo.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu, mimi nina rimu 16, zitakubali?

Jibu: Imeandikwa juu. Hazipiti.

Mdau wa Njiro: Nikiweka spesa je?

Jibu: Spesa inasogeza rimu nje, haiongezi kipenyo chake. Kinachogusa ni pipa la rimu. Nunua 17.

Mwanafunzi wa ufundi, Moshi: Samahani kaka, kwa nini pistoni ndogo ikae mwanzo? Nilidhani zote zingelingana ndiyo pedi iliwe sawa.

Jibu: Swali zuri sana. Diski ikizunguka inaivuta pedi iende nayo. Pedi inaegemea mwisho wa kalipa, na mvuto huo unataka kuipindua kidogo ili ukingo wa mbele uzame kwenye diski. Kwa hiyo ukingo wa mbele unakandamizwa zaidi hata pistoni zikiwa sawa. Ukiweka pistoni ndogo hapo na kubwa nyuma, msukumo unalingana pedi nzima. Ukipata pedi kuukuu gereji, pima unene ncha zote mbili. Iliyoliwa mshazari itakufundisha mengi kuhusu kalipa ilikotoka.

Fundi wa Unga Limited: Sisi tunaosha kalipa kwa petroli miaka yote na gari zinatembea. Unatisha watu na madawa yako.

Jibu: Sijamtisha mtu, na petroli sikuitaja, ila kwa kuwa umeileta: mipira ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huivimbisha, halafu pistoni hairudi, pedi inabaki imeshika diski na gurudumu linachemka. Gari linatembea, ndiyo, mpaka siku ya mteremko. Kama huna dawa ya kopo, osha kwa spiriti.

Dada wa Usa River: Nimefunga, pedeli iko chini kidogo kuliko zamani. Nina hewa?

Jibu: Pima hivi dada. Kanyaga haraka mara tatu. Ikipanda na kuwa ngumu, bado kuna hewa. Kisha washa injini, shikilia mguu dakika moja. Ikizama polepole, kuna pa kuvujia au masta silinda imechoka, usiliendeshe. Ikibaki pale pale na ni ngumu, ni mafuta mengi zaidi yanayohitajika kusukuma pistoni kubwa. Hilo ni kawaida.

Chalii wa Sakina: DOT 5 si ndiyo bora kuliko DOT 4?

Jibu: Hapana. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 4. Ukitaka kupanda juu chukua 5.1, hiyo inachanganyika. DOT 4 mpya inaanzia nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji inashuka hadi kama 155. Badilisha kila miaka miwili.

Dereva wa Karatu: Naongezea wakuu: mkishuka Manyara shukeni na gia ya pili au ya tatu, na mkifika chini msipeleke gari kuoshwa papo hapo. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaipinda.

Jibu: Sahihi kabisa kaka.

Mdau wa Njiro: Na za nyuma nazo nifunge?

Jibu: Ukifunga za mbele tu, breki nyingi zinahamia mbele na tairi za mbele zinawahi kuteleza, kwa hiyo angalau weka pedi nzuri nyuma. Brembo za nyuma zina kazi ya ziada: breki ya mkono ya STI ni ngoma ya milimita 190, ya WRX ni 170. Ama upate diski ya 316 yenye ngoma ya 170 ndani, ama ubadilishe viatu na bati lake. Pima ngoma yako kwanza, ulete kipimo hapa.