Umekubaliwa PR (ukaaji wa kudumu) na uko Kanada tayari? Malizia hivi

Ndugu zangu mlio Kanada tayari, iwe kwa kibali cha kazi, cha masomo au mliomba hifadhi mkakubaliwa, ombi la PR likishapita mambo yanamalizikia mtandaoni. Ila lazima uwe ndani ya Kanada siku unathibitisha, kwa hiyo kama ushakata tiketi ya kwenda kumsalimia mama Mombasa, isogeze mbele tafadhali.

Itaanza kuja imeili ya idara ya uhamiaji, IRCC, wanauliza kama uko Kanada na unaishi wapi. Chungulia na kwenye spamu kila siku, ujibu mapema. Baada ya hapo inakuja nyingine ya kuingilia kwenye potali, ingia, badilisha pasiwedi, jaza anwani na uthibitishe.

Sasa picha, hapa ndo wengi wanarudishwa. Usijipige selfi ukutani, nenda studio uwaambie kabisa ni ya kadi ya PR, milimita 50 kwa 70, nyuma kuwe kweupe, wakupe faili na iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Dada zangu wa hijabu msivue, kilemba au hijabu ya dini inaruhusiwa mradi uso wote uonekane na usiwe na kivuli.

Anwani nayo andika ile unayopokea barua kweli, mpaka namba ya apatimenti, maana kadi inakuja kwa posta, na ikipita siku 180 hujaipata bila kuwaambia utaomba upya na ulipie.

Baadae inatokea hati yenyewe ya kuthibitisha PR yako, inaitwa eCOPR. Idaunlodi hapo hapo, hifadhi sehemu mbili tatu na uprinti, utaihitaji hadi kwenye uraia. Soma jina herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa, majina yetu haya matatu matatu yanachanganywa sana. Ukiona kosa omba marekebisho mapema.

Ukiwa na eCOPR nenda ofisi ya serikali ya Service Canada ubadilishiwe SIN, ile namba yako ya kazi na kodi, inayoanza na 9 ni ya mkaaji wa muda, halafu kadi ya afya ya mkoa wako.

Na usipande ndege kwenda nje kabla kadi haijafika, kurudi itabidi uombe hati maalum ya safari ukiwa huko huko, na mwajiri hawezi kukusubiri milele. Na anza kuhesabu siku zako tangu siku uliyokuwa PR, siyo siku kadi ilipofika, wanataka angalau 730 ndani ya Kanada kwa kila miaka 5.