Ada ya uwindaji: namna ya kuipangia kazi kabla haijaliwa

Mpwa wangu alishuka Mbagala Rangi Tatu na mfuko wa shangazi kaja umevimba. Nikajua kaleta mihogo. Kumbe stakabadhi. Yeye ni mweka hazina wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, hizi tunazoziita WMA, huko upande wa Rufiji. Mkutano ulikuwa umemuuliza hela ya kitalu cha uwindaji imekwenda wapi, akakosa jibu. "Mjomba, sijaiba," akaniambia hata hajakaa. Nilimwamini, mwizi hatunzi stakabadhi za pancha.

Tulikaa barazani siku mbili. Nimestaafu uhasibu, ila kalamu nyekundu bado ninayo. Nilichomwonyesha ni hiki, na yeyote anayekaa kwenye kamati kama yake anaweza kukitumia.

Tenganisha hela kabla hujaijumlisha. Daftari lake lilikuwa na safu moja tu, "mapato ya uwindaji". Hapo ndipo alipopotelea. Ada ya kitalu kampuni inalipa kwa kushika eneo, mnyama apigwe asipigwe. Ada ya mnyama inafuata kilichowindwa: mwaka huu nyati kadhaa, mwakani mgeni kaghairi safari. Kisha kuna vibali na ada nyingine ndogondogo. Chora safu tatu. Posho za askari wa doria ziegemee kwenye ada ya kitalu, maana hiyo unaijua mapema. Ada ya mnyama inunue vitu vya kununua mara moja: redio, mahema, bati la kituo cha doria. Yeye alifanya kinyume. Nyati ndiye aliyekuwa akilipa posho, na wageni walipopungua askari wakarudi kulima.

Mgawo wenyewe kati ya serikali kuu, halmashauri na jumuiya upo kwenye kanuni, na kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Tafuta nakala ya mwaka unaouhesabia. Usibishane mkutanoni kwa asilimia ulizosikia kwenye basi.

Halafu weka daftari la doria kando ya kitabu cha fedha, uyasome tarehe kwa tarehe. Hii ndiyo kazi hasa, na ndiyo watu wanaikwepa. La kwao kurasa zilikuwa zimelowa zikakauka. Ukurasa mmoja: "Askari 6. Tumetegua nyaya 11 za mitego njia ya maji. Swala pala 1 kafa, mguu umekatika." Unaofuata: "Hatukutoka. Pikipiki haina tairi." Unaofuata: "Hatukutoka." Na tena. Nikachambua stakabadhi za wiki hiyohiyo: pilau na soda za kikao, posho za wajumbe, nauli. Kikao cha nini? Cha kujadili ujangili. Mpwa wangu alicheka, kisha akanyamaza.

Tangu siku hiyo nimemwekea kanuni moja: mafuta, matairi, buti na posho za doria za miezi mitatu zitengwe kabla shilingi ya kikao haijatoka. Kila mwisho wa mwezi aandike chini ya matumizi siku za doria zilizofanyika na nyaya zilizoteguliwa. Nyaya zikipungua huku siku za doria ni zilezile, hela inafanya kazi. Zikipungua kwa sababu hakuna aliyetoka, usijipongeze.

Baada ya hapo, ifunge kanuni hiyo. Ifunge kwa maandishi ndani ya katiba ya jumuiya, maana mwenyekiti mzuri hufika mwisho wa muhula wake. Wamarekani walilijua hili mapema. Sheria yao ya 1937, iitwayo Pittman-Robertson, inagawia majimbo kodi ya bunduki na risasi kwa ajili ya wanyamapori, lakini jimbo linalohamishia ada za leseni za uwindaji kwenye mambo mengine hukosa mgawo huo. Sisi tuna somo la nyumbani. Kuanzia 1994 Pori la Akiba la Selous liliachiwa takriban nusu ya mapato yake yatumike palepale. Sensa ya 2006 ikakuta tembo 70,000 hivi katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Utaratibu ule ulilegezwa katika miaka ya 2000, na kufikia 2013 tembo walikuwa wamebaki 13,000 hivi. Sisemi ni hela peke yake, bei ya pembe nayo ilikuwa imepanda. Lakini jangili hakukuta gari lenye mafuta.

Jambo moja litakalokuumiza ni kifuta jasho, yaani malipo kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Tembo akimaliza shamba, mwenye shamba atakuja kwako, siyo Dodoma. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na malipo hayo ni ya serikali. Msaidie kujaza fomu siku hiyohiyo, lipige picha shamba kabla halijaota majani. Usichote kwenye sanduku la doria, hata akiwa shemeji yako. Najua ni rahisi kusema nikiwa Mbagala.

Mwisho, hesabu ya ngazi ya juu nayo idai. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa jibu ndani ya siku 30. Taja kitalu, msimu na aina ya ada. Ukiandika "mapato yote" utajibiwa kwa hadithi. Msimu huanza Julai 1, kwa hiyo usiulize kwa mwaka wa kalenda. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mpwa wangu alipeleka moja. Alipofuatilia akaambiwa barua haionekani, akapanda tena basi kuja kuchapa nyingine kwa yule kijana wa stationari hapa mtaani. Safari hii mihogo alileta.