Tona ya asili: ijue ngozi yako kwanza

Jamani dada zangu wa Kampala, kabla hujakimbilia sokoni Nakasero kutafuta matango na waridi ya kutengeneza tona, yaani yale maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, nawa uso na sabuni laini, kaa nusu saa bila kupaka chochote halafu jiangalie kwenye kioo. Uso mzima uking'aa una ngozi ya mafuta, ukihisi inavuta ni kavu, ikiwa paji na pua tu ndo zinang'aa hiyo ni mchanganyiko.

Ya mafuta mimi naipa chai ya kijani, loweka kijiko kimoja cha majani kwenye kikombe cha maji moto dakika 5, chuja na kitambaa safi mpaka usione hata unga chini, ikipoa mimina kwenye chupa uliyoichemsha uweke friji, na siku ya 3 ikifika mwaga hata kama imebaki maana haina kitu cha kuzuia bakteria. Kavu, chukua maji ya waridi yasiyo na spiriti.

Ila ndimu hapana, nawaomba sana! Ngozi ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ya 5 hivi, ndimu ni kama 2, inaunguza, na ukitoka nayo kwenye jua hili la ikweta unapata madoa meusi ya miezi.

Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri saa 24. Ikiwa salama, mimina kidogo kiganjani, gongagonga usoni taratibu bila kusugua, na kabla haijakauka paka losheni, asubuhi ongeza sanskrini, ile krimu ya kukinga jua.